Dodoso la kuridhika kazini: wazee kweli wanawazidi vijana?

Swali: Wakuu, nalinganisha matawi ya Japani na Marekani, mizani ya 1 hadi 7. Wenye miaka 50 na zaidi wamewapita vijana. Sababu ni umri?

Jibu: Si lazima. Wasioridhika huacha kazi mapema. Waliobaki ndio wanaojaza. Gawanya kwanza kwa miaka ya utumishi, cheo na mshahara. Wala usitegemee mstari mnyoofu: watafiti Clark, Oswald na Warr (1996) walikuta Uingereza umbo la U, kuridhika kunashuka kisha kunapanda.

Jibu: Wajapani huelekea kuchagua katikati, Wamarekani nchani. Linganisha rika ndani ya nchi moja, si wastani wa nchi mbili. Kundi la chini ya watu 10 usiliripoti, watajulikana tu.

Jibu: Dodoso la mara moja halitenganishi umri na kizazi (enzi mtu aliyozaliwa). Wahoji watu walewale kila mwaka.