Cessna 172 si daladala! Kisongo saa saba mchana, watu wanne, tenki zimejaa: mnataka kuua nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Uzi huu ni kwa marubani wenzangu wenye leseni binafsi, na kwa wenye ndege wanaozikodisha. Atakayekasirika akasirike.

Jumamosi iliyopita pale kiwanja cha ndege cha Arusha, yaani Kisongo, jua la utosi, nimeshuhudia Cessna 172 ya zamani, kindege cha viti vinne na injini moja, injini ya nguvu ya farasi 160, ikipakiwa watu wazima wanne, hakuna mwembamba hata mmoja, mabegi yao ya safari na kreti la vinywaji. Tenki zote mbili hadi mdomoni. Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikanyanyuka, ikadondoka tena kidogo, halafu ikayapita mashamba chini kiasi kwamba watu waliacha kazi wakatazama. Jioni aliporudi nikamfuata rubani kwa heshima zote nikamuuliza kama alipiga hesabu. Jibu lake: "Mbona iliruka?" Na mwenye ndege, aliyekuwa amesimama palepale mchana akisimamia upakiaji, akacheka.

Hilo jibu ndilo linaloniwasha. Kuruka si ushahidi kwamba hesabu ilikuwa sawa. Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma usoni mwake. Ungegeuka?

Sasa tupige hesabu ambayo hakuipiga. Ndege ya aina ile ikiwa tupu ina kama kilo 650, ukishaweka redio na viti na makorokoro yake. Uzito wa juu kabisa wa kuruka ni pauni 2,300, yaani kilo 1,043. Zinabaki kilo 393 za kila kitu kingine. Mafuta ya tenki zilizojaa, galoni 40 zinazotumika, ni lita 151, na avigasi, petroli ya ndege hizi, ina uzito wa kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo hapo kilo 109 zimekwenda. Zimebaki 284. Gawanya kwa wanne: kilo 71 kila mtu, bila begi, bila chupa ya maji! Wale wanne hakuna aliyekuwa chini ya 80. Weka 320, ongeza mizigo 40, umezidisha kilo 76. Na sehemu ya mizigo nyuma ina kikomo chake cha pauni 120, kama kilo 54, kwa sababu uzito ukirundikana mkiani pua inakuwa nyepesi, na bawa likiacha kuibeba ndege huwezi kuirudisha kirahisi.

Na hapo bado sijagusa hewa. Kisongo iko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hali ya hewa ya kawaida wanayotumia watengenezaji, usawa wa bahari ni nyuzi 15, na joto linapungua kama nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo kwetu "kawaida" ni nyuzi 6. Mchana ule ulikuwa nyuzi 28. Tofauti ni 22. Joto linafanya hewa iwe nyembamba, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kukupandisha futi 120 zaidi. Zidisha: 2,640. Jumlisha na mwinuko wa kiwanja, unapata kama futi 7,200. Hiyo ndiyo hewa ambayo bawa, propela na injini vinaishika, hata kama magurudumu yako yako Kisongo. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo farasi 160 wako wamebaki kama 125. Mbio za kuruka zinarefuka kwa zaidi ya nusu ya zile za pwani, na uwezo wa kupanda unabaki kama nusu. Hiyo ni kwa ndege ambayo haijazidi uzito.

Ndiyo maana nawalaumu zaidi wanaotoka Dar na Zanzibar. Kule unaruka karibu na maji, ndege inakubali kila kitu, unajiona fundi. Ukija huku unasukuma ule mkono mwekundu wa mchanganyiko wa petroli na hewa hadi mwisho kama ulivyofundishwa pwani, injini inakohoa kwa wingi wa petroli, na wewe unaona ndiyo nguvu yenyewe. Kitabu cha hiyo 172 kinasema wazi: kiwanja kikiwa juu ya futi 3,000, kabla ya kuondoka fungua moto wote, yaani nguvu yote ya injini, ukiwa umesimama, punguza petroli kwenye mchanganyiko mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, ndipo uondoke. Kimeandikwa, kiko kwenye mfuko wa kiti. Nani anakifungua?

Kitu kingine kinachowadanganya ni macho. Hewa ikiwa nyembamba, kasi halisi inazidi ile ya kwenye kipimo kwa kama asilimia 2 kila futi 1,000. Ardhi inapita haraka, unaona umefika, unavuta usukani mapema. Ndege inaelea karibu na ardhi, ikitoka kwenye ule msaada wa hewa iliyo kati ya bawa na ardhi inakataa kupanda. Amini kipimo cha kasi. Fika kasi ya kitabu, ndipo uvute. Na weka alama njiani: kama nusu ya njia imeisha na hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, funga moto, shika breki, rudi maegesho. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kulipeleka gari bovu la angani juu ya nyumba za watu wa Kisongo.

Najua visingizio vyote. Cha kwanza: "mbugani hakuna avigasi, lazima nibebe ya kurudi." Kweli, viwanja vingi vya mbugani havina, na hili linaniuma kama linavyowauma ninyi. Lakini piga hesabu basi! Kisongo hadi Seronera, kule Serengeti, ni kama saa moja na robo. Kwenda na kurudi saa mbili na nusu, lita 34 kwa saa, ni lita 85. Weka saa nzima ya akiba, 34 nyingine, jumla 119. Unabakiza lita 32 chini, kilo 23. Haitoshi kumbeba mtu wa nne. Kwa hiyo mtu wa nne abaki. Huku kwetu, mchana, hii ni ndege ya watatu wepesi au wawili na mizigo yao.

Cha pili: "mnara umeniruhusu." Mnara wa kuongozea ndege unakupa njia na kukutenganisha na wenzako. Haujapima abiria wako na hautapima. Saini ya uzito ni yako wewe rubani, si ya mwenye ndege, si ya aliyelipia mafuta.

Cha tatu kinanichosha kuliko vyote: "wageni wamechelewa kula." Wageni waamke! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuzi 16, ndege ile ile inaona futi 5,750. Umepata futi 1,440 bure kwa kuamka mapema, na hewa juu ya bonde imetulia. Ukichelewa hadi mchana, unapanda na nusu ya uwezo huku upepo unaomwagika kutoka Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, unakusukuma chini. Usikariri kwamba mbele ni tambarare. Ukienda upande wa Ngorongoro, ardhi inapanda pamoja na wewe, na ukingo wa kreta uko juu ya futi 7,000. Ndege iliyochoka Kisongo itachoka zaidi pale, na bonde lisilo na nafasi ya kugeuzia si mahali pa kugundua hilo. Geuka mapema, ukiwa bado una futi mkononi.

Ninachotaka ni vitu viwili tu. Wenye ndege, wekeni mizani ofisini na mpime watu na mabegi, msiulize mtu uzito wake mkaandika anachowaambia. Na walimu wa Dar, kabla hamjamsainia mwanafunzi aje kukodi ndege huku, mpangieni aruke kwanza na mwalimu wa Arusha saa nane mchana, ndege ikiwa nzito lakini ndani ya kikomo, aone mwenyewe kipimo cha kupanda kinasoma nini.