Je, PCR ya fangasi ichukue nafasi ya kalcha ya damu hospitali za rufaa?

Mleta mada: Wakuu, kalcha (kuotesha vimelea vya damu kwenye chupa) hukosa karibu nusu ya wagonjwa wenye Kandida, fangasi wa jamii ya hamira, iliyovamia mwili, na ikiipata huchukua siku 2 au 3. T2Candida, kipimo kinachotumia PCR (kunakili DNA ya kimelea hadi ionekane) kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hutoa jibu ndani ya saa 3 hadi 5 bila kuotesha. Mgonjwa wa ICU anaweza kufa kabla chupa haijaonyesha kitu. Tunang'ang'ania nini?

Maabara: Kasi naikubali, mkuu. Ila T2Candida inatambua spishi 5 tu, na Candida auris haimo. Katika hospitali moja Nairobi, kati ya 2010 na 2016, auris ilikuwa asilimia 38 ya Kandida za kwenye damu! Ukisimamisha dawa kwa kutegemea "hasi" hiyo, umemwacha mgonjwa na fangasi ambaye mara nyingi hasikii flukonazoli, dawa ya kawaida ya fangasi.

Vinasaba: Hiyo ni kasoro ya kipimo kimoja. PCR inayolenga eneo la ITS (kipande cha DNA kinachotofautisha spishi za fangasi), ikifuatwa na kusoma mpangilio wa DNA, humkamata auris pia. Kazi huharibikia kabla ya mashine. Mililita moja ya damu inaweza kuwa na seli moja tu ya fangasi, kwa hiyo chukua angalau ml 3, tyubu ya EDTA (kizuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. Heparini, kizuia kuganda kingine, huzuia PCR. Pasua seli nyekundu, zungusha, mwaga maji ya juu, rudia kuosha hadi mashapo yaishe wekundu, maana himoglobini nayo huzuia. Kisha vunja ukuta wa fangasi kwa shanga ndogo za kioo. Wengi huiruka hatua hii, wanatumia njia ya bakteria, wanapata hasi ya uongo. Na kidhibiti hasi (sampuli isiyo na fangasi) kipite hatua zote: DNA ya fangasi imewahi kukutwa hata ndani ya tyubu mpya za damu.

Wodini: Sawa, lakini PCR hainiambii dawa ipi itafanya kazi. Kalcha hunipa fangasi hai wa kupima usugu. Tatizo letu ni chupa ya mtu mzima kutiwa ml 3 badala ya 8 hadi 10. Hilo halihitaji mashine mpya, lirekebishwe wiki hii.

Mleta mada: Basi damu ya vipimo vyote viwili itolewe pamoja, kabla ya dozi ya kwanza. PCR ikiwa chanya, ekinokandini (kundi jingine la dawa za fangasi) ianze siku hiyohiyo, kalcha ije kuthibitisha au kubadilisha dawa. Ninachopinga ni kumsubirisha mgonjwa.

Maabara: Na PCR chanya, kalcha hasi? Hapo ndipo bado hatujakubaliana.