Baiskeli ya mazoezi, kutembea au mazoezi ya pumzi: kipi kwa mama mwenye sukari na ganzi ya miguu?

MtuWaMkoani
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mama yangu ana sukari muda mrefu, sasa miguu imeingia ganzi na usiku inamuwaka moto mpaka shuka hataki limguse. Dokta kamwambia afanye mazoezi na apunguze mawazo, bas, hakusema mazoezi gani. Nna laki tatu na nusu, kuna mtu Unguja (sisi tuko Pemba) anauza baiskeli ya mazoezi ile ya ndani, imetumika. Rafiki yangu ananambia nisitupe pesa, mama atembee tu asubuhi. Mdogo wangu wa kike nae kaja na mambo ya kukaa kimya kufuatilia pumzi, ati kuna programu ya simu ya kulipia inapunguza maumivu. Niende na kipi? Muuzaji anataka jibu Ijumaa.

BiShangani
Waalaykum salaam. Mwanangu umeuliza nusu. Ana umri gani? Ana kidonda? Anachoma sindano au vidonge? Akisimama ghafla anaona kizunguzungu? Keshawahi kuanguka? Bila ya haya mtu akikwambia nunua anabahatisha tu na miguu ya mama yako.

WeteNaBaiskeli
Baiskeli chukua, usifikiri mara mbili. Uzito wote unakaa kwenye kiti, nyayo hazipigi chini, hakuna mawe hakuna mvua hakuna bodaboda. Ila uliza kama ni ile yenye kiti cha kuegemea mgongo. Ile ya kiti chembamba mtu mzima kupanda tu ni kazi na kama hausikii mguu vizuri unateleza kwenye pedeli hujui.

MtuWaMkoani
Bi Shangani shkamoo. Ana 61. Kidonda hana alhamdulillah. Anakunywa metformini na kidonge chengine jina linaanza na "gli". Kizunguzungu sijamuuliza. Kuanguka, aliteleza mara moja msalani ila alisema maji.

NesiMstaafu
Hicho cha gli ndo cha kukiangalia. Kama ni glibenklamaidi kinaweza kushusha sukari katikati ya mazoezi, metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Apime kabla hajaanza, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu kwanza, na mfukoni awe na tende au juisi. Pili, mtu akinywa metformini miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, na upungufu wake nao unaleta ganzi. Mwulize dokta apimwe hiyo, watu wengi hawaambiwi.
Kuhusu kutembea: zamani tulikuwa tukiwakataza wagonjwa wenye ganzi wasitembee sana tukiogopa vidonda. Siku hizi ushauri umebadilika, kama hakuna kidonda na viatu ni vizuri kutembea kunaruhusiwa, tena kunasaidia. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, zigawanywe, asipitishe siku mbili mfululizo bila ya kufanya kitu. Lakini kwanza apimwe nyayo kwa kile kiuzi cha plastiki kinachobonyezwa kwenye ngozi mpaka kipinde, nguvu yake gramu 10. Kama hakisikii, kinga ya mguu imeondoka na lazima macho yafanye kazi ya ngozi. Na hilo la msalani usilipite, mtu asiyesikia nyayo zake huanguka hata pakavu, hasa gizani.

KijanaWaKizingo
Kabla hamjamaliza habari ya kutembea nisikilizeni. Ami yangu alikuwa mtu wa pwani, akaambiwa mazoezi, akasema yeye dawa yake ni mchanga, kila alfajiri miguu mitupu ufukweni maji yakitoka. Sisi wote tukimsifu, mzee kapungua tumbo, mzee analala vizuri. Siku moja shangazi anafua soksi zake anaona damu imekauka, kumvua kiatu kumbe kuna kipande cha chupa kimeingia chini ya kidole gumba na hajui kimeingia lini, wallahi hajui, anakugongea mguu chini anakwambia mbona siumwi. Tukampeleka kituo kimoja cha afya wakamsafisha juujuu wakampa dawa ya kupaka akarudi nyumbani na aliendelea kutembea kwasababu haumwi!! Hapo ndo penye balaa, maumivu ndo yanayomkalisha mtu chini na yeye hana. Kikageuka cheusi, harufu, homa, mwisho kidole kikakatwa na cha pili yake kikafuata. Leo anatembelea mkongojo. Kwa hivyo mie yeyote anaeniambia mchanga ni dawa ya miguu ya mgonjwa wa sukari nnamkatalia hadharani. Na mchanga wa saa saba mchana usiuseme kabisa, unaunguza na hausikii.

BiShangani
Subhanallah, Mungu ampe nafuu. Hata makubadhi simshauri, vidole viko nje.

MamaKishua
Mbona hamna aliyemjibu mambo ya pumzi? Mimi mwenyewe nna miguu hiyo hiyo. Mafunzo hayo ya utulivu yalianzia hospitali huko Massachusetts, Marekani, 1979, kwa Jon Kabat-Zinn, wiki nane, kwa watu wenye maumivu yasiyoisha. Si uchawi na hayafufui mshipa wa fahamu uliokufa. Kinachobadilika ni vile unavyopambana na maumivu usiku. Nnalala chali, nnafuata pumzi, moto ukija siupigi vita nnauangalia tu unapanda unashuka. Mwanzo nilianza na nyayo kama mafunzo yanavyosema ikawa mbaya zaidi, nikahamia tumboni. Na sijanunua programu, hiyo pesa mwambie mdogo wako aibakishe.

AbuuSalim
Yote haya ya nini, Muislamu ana dhikri. Alaa bidhikrillahi tatmainnul quluub, yaani kwa kumtaja Mungu nyoyo hutulia. Hizo yoga ni ibada za watu.

MamaKishua
Kaka Abuu, nimesema yoga wapi? Nimesema pumzi. Na mie tasbihi naivuta vile vile baada ya Isha, moja haijazuia nyengine.

AbuuSalim
Sijakutaja wewe dada. Nasema watu wajue mipaka. Na kama mama anavuta uradi polepole kwa kutulia, utulivu upo, haina haja ya simu.

NesiMstaafu
Vyote viwili vizuri, jamani, ila dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu kama amitriptilini zisiachwe ati kwasababu mtu anapumua vizuri. Uamuzi huo ni wa daktari.

Shamba_Mlonge
Majani ya mlonge na kuloweka miguu maji ya moto kila usiku, ganzi inakwisha.

KijanaWaKizingo
Maji ya moto??? Mtu hasikii nyayo unamwambia aloweke maji ya moto? Ndugu futa hiyo.

Shamba_Mlonge
Ya uvuguvugu nilikusudia.

BiShangani
Hata uvuguvugu mtu mwengine ajaribu kwanza kwa kiwiko. Na kuloweka kila siku kunakausha ngozi, inapasuka kisigino, vidudu vinaingia hapo hapo. Aoshe, akaushe katikati ya vidole, apake mafuta juu na chini, katikati ya vidole asipake.

MtuWaMkoani
Nashukuruni wote. Nimemuuliza, kumbe kizunguzungu anacho akiamka asubuhi, alikuwa hasemi. Muuzaji nae anasema usafiri wa boti juu yangu, kwahiyo laki tatu na nusu haitoshi tena. Na baiskeli haina kiti cha kuegemea.

NesiMstaafu
Kizunguzungu hicho dokta akijue kabla ya mazoezi yoyote, apimwe presha amelala kisha amesimama. Wakati unasubiri afanye ya kitini: kuinua visigino, kunyoosha goti, mikono na chupa za maji zilizojaa.

WeteNaBaiskeli
Bas hiyo ya Unguja achana nayo lakini wazo la baiskeli usiliache, kuna ile pedeli ndogo ya kuweka chini mtu amekaa kitini mwake, bei ndogo sana kuliko hiyo.

KijanaWaKizingo
Mie pesa hiyo ningenunua raba kwanza. Mbele pana, hakuna mshono ndani, na aende kununua jioni maana mguu unavimba mchana. Kabla ya kuvaa apitishe mkono ndani kila siku.

MamaKishua
Raba pana za kike kuzipata ndo mtihani, sokoni Darajani, Unguja, nyingi ni nyembamba mbele. Mie navaa za kiume.

MtuWaMkoani
Za kiume atakataa huyu, namjua. Kuna mtu kaziona pana za kike, namba 39 au 40, kwa Chake Chake hapa Pemba au Unguja? Na hiyo pedeli ndogo inauzwa duka gani?