MREJESHO: Maboga nyuma ya nyumba hapa Tanga, masika au vuli?

Wakuu habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza nioteshe maboga Machi au nisubiri vuli ya Oktoba, nipo Pongwe. Asanteni sana jamani kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kusubiri masika yashike udongo uloane vizuri, nikainua matuta maji yasituame, samadi iliyooza kila shimo, mbegu mbili mbili na nafasi ya mita 2, zikaota fasta na majani tumekula sana na nazi. Yule dada aliyesema nipake unga wa ua dume kwenye ua jike asubuhi mapema kabla halijajifunga, Mungu akubariki, maana kabla ya hapo vitoto vya maboga vilikuwa vinageuka njano vinadondoka tu, na baada ya hapo vikaanza kushika.

Ila majivu ya kuzuia nzi wa matunda kwangu hayajasaidia, mvua ikinyesha yanaoshwa yote, maboga mengi yakaoza yakiwa madogo. Yaliyopona ni yale niliyoyafunika na mifuko ya khaki mara tu yaliposhika.

Oktoba naotesha tena, safari hii nafunika yote mapema.