Civita di Bagnoregio, kimji cha Italia juu ya mwamba: ni kweli kinaisha?

Nyakato_7: Wakuu habari za jioni. Kuna klipu inazunguka ya kimji kinaitwa Civita di Bagnoregio huko Italia, kimekaa juu ya mwamba peke yake, kote mabonde, na kuingia ni daraja moja tu la miguu. Sasa naulizia, ilikuwaje watu wakajenga kule juu, na ni kweli kinabomoka? Na baridi yake ikoje maana mwezi wa 11 nitakuwa Roma nataka nipite.

MweneMwamba: Mkuu shida ya pale iko chini. Ukanda ule wote ni wa volkano za zamani, hata ziwa Bolsena hapo jirani limekaa kwenye shimo la volkano, majivu yakashuka yakagandamana yakawa jiwe wanaita tufo. Sasa hilo jiwe limekalia mfinyanzi, na mfinyanzi ukishiba maji unateleza, vijito vya bondeni navyo vinakula kitako, mwamba wa juu unabaki unaning'inia mpaka unakatika na nyumba zake. Waitaliano wenyewe wanakiita mji unaokufa. Wanafunga vyuma kuushikilia ila mvua haina adabu.

KakaWaRoma: Kujenga juu ni akili ya Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walikuwepo kabla Roma haijawameza. Juu unamuona adui akiwa mbali, halafu malaria jamani, msishangae, mabonde mengi ya Italia ya kati yalikuwa na mbu haswa, nchi imetangazwa haina malaria mwaka 1970, juzi tu hapo. Ila tetemeko la 1695 ndio lililoivunja Civita mgongo, watu wakahamia mji wa Bagnoregio ng'ambo ya bonde na ofisi zikawafuata. Mtakatifu Bonaventura, yule Mfransisko, kwao ni hapo, nyumba inayosemekana ni yake ilishaporomokea bondeni. Daraja unaloliona ni la zege la 1965.

Nyakato_7: Duh. Kwahiyo bado kuna watu wanalala kule??

KakaWaRoma: Wa mwaka mzima hawafiki 20, nadhani paka wamewazidi 😂 Wageni ndio wamejaa, tangu 2013 unalipa kiingilio kama unaingia mbugani. Mimi naona sawa tu, hela ya ukarabati itoke wapi?

MweneMwamba: Mwezi wa 11 ujipange, kule msimu wa vuli ndio mvua zenyewe, kiangazi ni kikavu na joto la 30 na ushee. Theluji si kawaida sana ila asubuhi ukungu unafunika bonde lote, wapiga picha wanaupenda, wewe utaona daraja linaingia kwenye wingu. Beba koti la mvua na viatu vyenye meno, mwisho wa daraja pana mpando wa kukata pumzi.

KakaWaRoma: Treni panda Roma mpaka Orvieto, pale unachukua basi la Bagnoregio. Usiende Jumapili bila kuulizia basi kwanza, utalala stendi.