Pikipiki ya injeksheni inazima ikipata joto, taa ya injini haiwaki

Mchuuzi wa Panyimur
Habari zenu wakubwa. Nabeba muziri, wale samaki wadogo wa kukausha, kutoka Panyimur kuleta sokoni Arua. Pikipiki yangu ni ya injeksheni, yaani kompyuta ndiyo inapima mafuta, si ya kabureta kama boda nyingi za huku kwetu. Wiki ya tatu sasa inanizimia njiani. Asubuhi inawaka kwa kugusa tu. Nikishapita Parombo, kama dakika 40 hivi, inakata ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo. Nikikaa chini ya mwembe nusu saa, inawaka vizuri tena. Fundi mmoja anasema kompyuta imekufa, nitafute laki saba. Hiyo ni karo ya wanangu wawili. Kabla sijauza mbuzi, nipime nini mwenyewe nyumbani? Mita ndogo ninayo.

Bombo Juu
Pole kaka. Anza na kifuniko cha tangi. Vumbi likiziba kitundu chake cha hewa, pampu inavuta mafuta mpaka inashindwa. Ikizima, kifungue. Ukisikia hewa inavutwa ndani na injini ikawaka papo hapo, tatizo ni hilo.

Mchuuzi wa Panyimur
Asante dada, nimejaribu leo, hakuna hewa iliyovutwa. Nikatoa plagi palepale, nikapiga stata: haina moto kabisa, hata cheche moja. Ilipopoa moto ukarudi.

Fundi Koboko
Ndugu yangu, usiuze mbuzi. Kompyuta inajua injini inazunguka kwa kuambiwa na sensa ya kranki, ile tunayoiita pulsa, iliyo ndani ya kifuniko cha magneti, kile cha ubavuni mwa injini. Pulsa ikinyamaza, kompyuta inadhani injini imesimama, basi inakata moto na mafuta. Ndiyo maana mara nyingi taa haiwaki: kwake hakuna kosa lililotokea. Na pulsa ni koili ya waya mwembamba sana. Joto likiitanua, palipokatika panaachana, ikipoa panagusana.

Fuata nyaya zinazotoka kwenye kifuniko cha magneti. Tatu nene za rangi moja ni za kuchaji, ziache. Tafuta mbili nyembamba, chomoa soketi yake, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Usipime upande wa kompyuta. Pikipiki nyingi zinasoma kati ya 100 na mia kadhaa. Kitabu cha modeli yako ndicho mwamuzi. Andika namba ya baridi. Kisha endesha mpaka izime, upime hapohapo kabla haijapoa. Mita ikionyesha njia imekatika, umemkamata. Na usiishie hapo: tikisa waya polepole huku ukitazama mita, hasa pale unapopita kwenye mpira wa kifuniko. Nimeona watu wananunua pulsa mpya wakati waya ndio uliokatika nje, na hilo linaniuma kwa sababu ni pesa ya chakula.

Mchuuzi wa Panyimur
Fundi, Mungu akubariki. Baridi ilisoma 214. Ilipozima, mita ikaonyesha 1 peke yake, upande wa kushoto, yaani njia imekatika. Nikatikisa waya: 214, 1, 214, 1. Nikapasua ganda karibu na ule mpira, shaba ndani imekatika na kuwa ya kijani, nyuzi mbili tu ndizo zinashikana. Nimekata palipooza, nikaunga kwa risasi, chuma nilikipasha kwenye sigiri ya mama watoto. Juu nimezungusha tepu. Leo nimetoka Panyimur mpaka Arua na magunia mawili bila kuzima.

Fundi Koboko
Vizuri sana. Ila tepu iondoe, gundi yake italegea kwa joto na oili. Tafuta ule mpira unaosinyaa ukiupasha moto. Utabidi ufungue kiungo, uuvalishe waya kwanza, ndipo uunge tena. Na uache waya ulegee kidogo, uufunge mbali na silinda. Ulikatika kwa sababu ulikuwa umevutwa.

Mchuuzi wa Panyimur
Nafungua kesho asubuhi kabla ya soko.