Drama za majaribio Nairobi zilianzia wapi?

Mwanachuo_Nai: Habari zenu wadau. Mimi ni mwanafunzi hapa Nairobi, kikundi chetu kinaandaa mradi juu ya kumbi za drama ya majaribio mjini, sasa kila nikisoma ni New York na London, vyumba vidogo vimepakwa rangi nyeusi. Kwetu haya mambo yalifanyikia wapi, ama ilikuwa National Theatre tu basi? Wanaojua naombeni msaada.

Nyuma_ya_Pazia: National Theatre ilifunguliwa 1952 enzi za mkoloni na hata baada ya uhuru kupata nafasi pale ilikuwa vita. Mwaka 1976 mchezo kuhusu Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ulipewa siku chache tu, umebanwa katikati ya maonyesho ya wageni. Kwa majaribio tafuta habari za Theatre II, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Februari 1982 kikundi cha kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kilikuwa kiigize mchezo wa Ngũgĩ, Maitũ Njugĩra (Mama Niimbie), pale National Theatre, leseni wakaomba hawakujibiwa, siku ya kuingia wakakuta milango imefungwa kufuli na polisi wapo. Wakahamia Theatre II wakaendelea na mazoezi na wakaacha mtu yeyote aje kuona, bure, basi watu wakaja kwa maelfu, ukumbi ukafurika, walioshindwa kuingia wakabaki nje wakisikiliza nyimbo. Na nyimbo zenyewe zilikuwa za makabila mengi ya Kenya si Kikuyu peke yake, hadithi ni ya enzi za kipande, kile kitambulisho ambacho mkoloni aliwalazimisha Waafrika kubeba, na kazi za mashamba ya walowezi. Onyesho rasmi halikuwahi kufanyika, lile zoezi ndilo lilikuwa onyesho. Kama hiyo si drama ya majaribio basi sijui ni nini.

Bint_Limuru: Asante mkuu ila usimwambie kijana nusu. Hilo la mazoezi wazi halikuzaliwa chuoni, lilitoka kijijini Kamĩrĩĩthũ 1977 kwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikitaka). Wanakijiji walipanga jukwaa lao chini kwa njiti za kiberiti kwanza, wakatengeneza kamfano kadogo, ndio wakajenga lenyewe, jukwaa la nusu duara na ukuta wa mianzi nyuma, juu hakuna paa, watazamaji zaidi ya elfu mbili. Wakati wa mazoezi wazee walikuwa wanawasahihisha waigizaji papo hapo, hivi sivyo mzee anavyoongea, kazi ya kiwandani haifanywi hivyo, na script ikabadilishwa. Mchezo ulianza Oktoba, katikati ya Novemba ukapigwa marufuku, mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Machi 1982 baada ya hayo ya Theatre II polisi wakaja na malori wakabomoa jukwaa lote. Inaniuma mpaka leo, wale watu walijenga kwa mikono yao.

Kasuku77: Lakini dada Kamĩrĩĩthũ ni Limuru, swali ni la mjini.

Bint_Limuru: Huwezi kutenganisha ndugu yangu. Kĩmani Gecaũ aliyeongoza michezo yote miwili alikuwa mwalimu wa chuo, Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyeandika Ngaahika Ndeenda pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, naye alikuwa upande wa elimu ya watu wazima huko huko chuo kikuu. Chuo kilienda kijijini, halafu kijiji kikaja chuoni.

Mganda_wa_Jinja: Ongeza na Makerere, 1965 walianzisha kundi la kuzunguka na drama bure, uwanja wa shule au soko ndio ukumbi, na walicheza kwa lugha kadhaa Kiswahili kikiwemo. Nairobi nao wakawa na lao miaka ya 70.

Mwanachuo_Nai: Jamani asanteni sana, mimi Theatre II nimekaa mara nyingi na sikujua lolote kati ya haya. Sasa tunafikiria badala ya kusoma ripoti mbele ya darasa tufanye mazoezi wazi pale pale, mlango wazi, anayepita aingie asahihishe. Nyuma_ya_Pazia, chumba kinaombwa ofisi gani?